Uwanja Ambao Watu Hawahami

Tangu nirudi kutoka Dar es Salaam sijapata kuteka ndoo ya maji kwa amani. Kisimani naulizwa, kanisani naulizwa, mashineni naulizwa. Huyu anataka kujua bahari, yule anataka kujua kama ni kweli Rais alimshika Luhende mkono. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo vimekutana huko njiani vikazaa uongo. Kwa hiyo nimeandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la watu wazima, mnaujua. Asiyeweza kuusoma asomewe. Habari za vibali, tiketi na mihuri siziandiki. Sikuzielewa na hazina utamu.

Bariadi, kabla ya kuondoka

Najua karatasi hizi zitafika hadi kwa wenzetu wa kanisa walioko Mwanza, ambao hawatujui vizuri. Hao nawaeleza kwanza. Luhende ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni manju, ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo za kikundi chetu cha jembe. Kikundi hiki kinalima kwa ngoma. Mpigaji anatangulia, majembe yanafuata mdundo, na shamba linakwisha kabla mgongo haujajua. Mimi ni mjane na magoti yangu mabovu. Pamba yangu yote wanailima wao. Kazi yangu ni kupika, kuitikia nyimbo, kupiga vigelegele, na kumkemea anayelewa kabla ya kazi. Vijana wananiita Mayu, mama, hata wale niliowachapa.

Baada ya mavuno yaliyopita Luhende alishindwa. Kwetu ngoma haina refa. Makundi mawili yanasimama kila moja pembe yake ya uwanja, yanaanza kwa pamoja, na watu wanakimbilia linalowapendeza. Wanahama na kurudi na kuhama tena mpaka jua lishuke. Kundi lililobaki na mbwa na wake zao, hilo limeshindwa, wala hakuna haja ya kutangaza. Siku hiyo kundi la Shishiyu lilituachia uwanja mweupe. Watu waliruka mpaka uzio wa miba kuwafuata wale. Luhende akakaa chini akasema mbele yetu sote, "Nikishindwa tena mara moja, nalaza jembe."

Manju akilaza jembe, kikundi kimekufa. Vijana wenyewe tayari mguu mmoja uko Mwanza, maana tangu biashara ifunguliwe kila mtu anataka kuuza mitumba. Nikawa nawaza jambo moja tu: kikundi kikifa, nani atanilimia?

Ndipo akaja Bwana Utamaduni wa wilaya na pikipiki yake, akasema tumechaguliwa kwenda kucheza Dar es Salaam siku ya Uhuru, mbele ya Rais, pamoja na makundi ya mikoa mingine. Katika maneno yote hayo Luhende alisikia la mwisho tu.

"Makundi mengine mangapi?"

"Mengi, mzee."

"Yote uwanjani kwa pamoja?"

"Hapana, kila moja kwa zamu yake."

Luhende akatikisa kichwa. "Kwa zamu! Basi watu watachoka kuhama."

Bwana Utamaduni akacheka akidhani ni utani. Hakuna aliyemwuliza maana yake. Na mimi sikumwuliza.

Kusema kweli sikukuu za taifa nilikuwa nazijua kama siku ambazo umetembea mpaka ofisini ukakuta kufuli. Sabasaba ilikuwa yetu wakulima, wakaipeleka kwa wafanyabiashara, sisi wakatupa Nanenane. Sikulala njaa kwa ajili hiyo. Uhuru wenyewe ulipokuja nilikuwa mke mchanga. Tulichinjiwa ng'ombe, tukaambiwa tushangilie, tukashangilia, kesho yake tukaenda shambani. Sikujua kwamba huko mbele nchi ilikuwa inaendelea kushangilia kila mwaka.

Bariadi hadi Malampaka, juu ya lori la pamba

Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza na kila mtu alituona wendawazimu kuondoka wakati huo. Tulipanda lori lililokuwa likirudi tupu. Kabla hatujafika Maswa likazama kwenye tope la mto, tairi zote za nyuma. Dereva akashuka, akatazama, akatukana, akatugeukia.

"Wazee, shusheni majembe tuchimbe."

Luhende akakalia mzigo. "Haya ni majembe ya kuchezea. Hayagusi tope mpaka Rais ayaone."

"Mzee! Una majembe mzigo mzima, na mimi nichimbe kwa sahani?"

"Chimba kwa sahani."

Na tulichimba kwa sahani. Mimi nilitoa sufuria yangu. Dereva alichimba huku akiwaambia abiria wengine kwamba amebeba wakulima wengi kuliko siku zote na hakuna hata mmoja anayelima. Sikumkatalia.

Malampaka treni haikuwepo. Ilikuja kesho yake mchana, na hakuna aliyetueleza ilikuwa wapi. Askari wa stesheni alifungua mzigo wetu, akakuta majembe yanang'aa kama vijiko, akauliza kama tunakwenda kupigana. Luhende akachukua moja, akalirusha juu, likazunguka mara mbili hewani, akalidaka kwa mpini bila kutazama. Askari akasema, "Pita, mzee. Piteni wote."

Ndani ya treni

Tabora tulikaa sana wakiunganisha mabehewa. Nilinunua asali. Mbele yangu alikuwa amekaa karani mmoja anayerudi Dar kutoka safari ya kazi, kijana mpole mwenye shati jeupe, na njaa ilimshika kabla ya mchana. Nikampa michembe, viazi vyetu vilivyokatwa vikaanikwa.

"Shikamoo Mayu, samahani. Hiki ni chakula au ni kuni?"

"Marahaba. Tafuna."

Alitafuna mpaka Itigi. Saranda akanunua kuku wa kuchoma dirishani, akanipa paja kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri. Kuku yule alikuwa na ndimu na pilipili, na nyama yake ilikuwa laini. Nilimla mpaka mfupa, nikaunyonya, na sikuona aibu.

Nilikaa dirishani mchana kutwa. Mnaniuliza nchi ikoje. Ni kubwa mno, jamani. Unaona pori, unasema sasa limekwisha, na bado halijaisha. Unaona nyumba tatu na mama anaanua nguo, hakutazami, na wewe hutajua jina lake mpaka ufe. Nikawa najiuliza, huyu naye ni wa nchi yetu? Na yeye kesho kutwa atasherehekea pamoja nasi? Anatujua?

Kutoka Dodoma, pamoja na watani

Dodoma walipanda wanawake wa Kigogo na ngoma zao, nao wanakwenda kulekule. Wagogo ni watani wetu tangu zamani, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kusalimiana. Kiongozi wao, Mama Nyemo, mwanamke mwembamba wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliona tu majembe akaanza.

"Wasukuma! Mmesikia Dar es Salaam kumeota majani?"

"Na nyie na ngoma hizo," nikamjibu, "mnakwenda kuomba mvua au kuomba chakula?"

"Vyote viwili. Tukikosa tutakula Msukuma mmoja mnene. Wewe unafaa."

Behewa zima lilicheka. Mbele ya Gulwe maji yalikuwa yamefunika reli, treni ikasimama, tukashuka. Tulipika pamoja pembeni ya reli, ugali wangu na mlenda wao, na karani wetu akapeleka kuni. Luhende peke yake hakucheka. Alikuwa anazitazama zile ngoma.

"Wanapiga wanawake?" akaninong'oneza.

"Wanapiga wanawake."

"Basi hawa hawatanisumbua."

Maji yalipopungua treni ilikwenda kwa hatua ya mzee, watu wakishika misalaba na tasbihi, mpaka tukavuka.

Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa

Walitulaza katika shule moja, makundi yote, kila mkoa darasa lake. Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki. Vijana wetu walisema wali umewekewa sabuni. Niliwaamuru wale, wakala, na siku iliyofuata waliomba uongezwe.

Asubuhi ya sikukuu tulipandishwa jukwaani juu kusubiri zamu. Sasa nisikilizeni vizuri. Mmeona gulio la Kiloleli likifurika. Chukua gulio hilo, ongeza kila gulio ulilowahi kulisikia, ukawapange watu hao kwa mzunguko, mstari juu ya mstari, mpaka wa mwisho wawe wadogo kama mbegu. Niliishika nguzo.

Wanajeshi wakaingia. Kundi moja likageuka kona na mstari wake ukanyooka kama mlango unaofungwa, watu wengi hivyo, na mguu mmoja tu ukasikika. Mizinga ikalia. Mpiga ngoma wetu, Mzee Nkwabi, akalala chini kifudifudi.

"Wanampiga nani?"

"Hawampigi mtu," karani wetu akamwambia. Alikuwa ametufuata mpaka pale. "Wanasalimia."

Mzee Nkwabi akainuka akijifuta vumbi. "Basi na waitikiwe upesi."

Halafu wimbo wa taifa. Nimeimba wimbo huo shuleni kwa wajukuu, mtoto analia, kuku wanapita. Pale watu wote walisimama mara moja na sauti zote zikafa. Ngazi chache chini yangu alikuwa muuza karanga. Alikuwa amempimia mtu kikombe, mkono wa mteja umeshanyooshwa na kikombe cha karanga kiko hewani kati yao. Wakasimama hivyo hivyo wote wawili, karanga hazikumwagwa wala hazikupokelewa, mpaka wimbo ukaisha. Mimi nimezika mume na watoto wawili na sijawahi kuona kimya kama kile. Niliogopa. Niliogopa kama ninavyoogopa kanisani padri anapoinua hostia. Nikajiuliza, ni kitu gani hiki, hakina uso wala sauti, kinachowasimamisha watu hawa wote na hakuna anayewashika?

Wakaingia watoto wa shule, wengi, wa kijani, njano, nyeusi, bluu. Wakakimbia huku na huko, nikadhani wamevurugika. Kumbe wanajipanga. Karani akanishika bega. "Mayu, tazama. Ni ramani."

Ilikuwa nchi yetu, imelala pale chini kwenye majani. Wenye bluu walikuwa bahari upande mmoja na ziwa letu juu, na wakayumba kidogo kama mawimbi. Nikatafuta chini ya ziwa, mkono wa kulia, nikamwona mtoto mmoja wa kijani anajikuna shingo.

"Yule ndiye Bariadi," nikasema.

Karani akachungulia. "Ndiye hasa."

Machozi yalinitoka. Nyie mnajua mimi silii ovyo. Lakini sikuwa nimewahi kutuona sisi, tukiwa na mahali petu, na wengine wametuzunguka wametulia, na hakuna anayetusukuma. Mtoto huyo aliacha kujikuna akanyoosha mikono, nikafurahi kama mwanangu kafaulu mtihani.

Zamu yetu ikafika. Luhende alikuwa amejipaka dawa ya mvuto kwenye paji la uso, ile ya kuwavuta watu. Mimi ni Mkatoliki, nilitazama pembeni. Walicheza vizuri. Nasema haki, sijawahi kuwaona wakicheza vile. Majembe yalipaa yote pamoja, yakashika jua, yakashuka mikononi kwa mlio mmoja. Uwanja ulipiga makofi mpaka nikashindwa kusikia vigelegele vyangu. Kisha bwana mwenye filimbi akapuliza kutuonyesha njia ya kutoka, na Luhende hakutoka. Alisimama katikati ya majani ameshika jembe, anatazama majukwaa huku, anatazama kule. Bwana wa filimbi akamshika mkono. Hapo ndipo alipoondoka, kichwa chini, akitembea kama anatoka makaburini.

Ndiyo, aliyemshika mkono ni huyo. Rais alikuwa mbali, juu, na alipunga.

Getini Luhende alimkabili Bwana Utamaduni, aliyekuwa ametutangulia Dar.

"Nani kashinda?"

"Hakuna kushinda, mzee. Ni sherehe. Wote mmeshinda."

"Wote hawawezi kushinda. Nimeona kwa macho yangu. Hakuhama hata mtu mmoja."

"Ahame kwenda wapi?"

"Kuja kwangu!"

Bwana Utamaduni alikuwa mtu wa kuja, hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikamwambia, "Luhende, watu wale wamepewa viti. Chini kuna askari. Wangehamaje?"

"Siku ya Shishiyu watu waliruka uzio wa miba, dada. Mtu akitaka kuhama anahama. Dawa imeharibiwa na chumvi ya bahari, au mimi nimekwisha. Nalaza jembe."

Akalifunga kitambaani mbele ya vijana wote. Vijana wakatazamana, na niliona wazi kwamba wawili wao walishafika Mwanza kwa mawazo.

Uwanja wa shule

Tulirudi shuleni mchana umekwisha nusu. Luhende akakaa ukutani ameupa ua mgongo. Wagogo walikuwa wakinywa chai. Mama Nyemo akaja na kikombe chake.

"Huyu mtani amefiwa?"

Nikamweleza: kwetu ngoma inapimwa kwa watu kuhama, na leo hawakuhama. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Ee, Msukuma. Hata kwangu hawakuhama, na mimi sikujua kama ni vibaya. Sasa umeniudhi. Amka. Wewe pembe ile, mimi pembe hii. Tupimwe."

Luhende akageuka. "Na wanawake?"

"Unaogopa?"

Akafungua kitambaa.

Geti la shule lilikuwa wazi. Ngoma mbili zilipolia kwa pamoja, mtaa mzima ukaja: akina mama na khanga zao, mafundi, watoto, wauza maandazi, na wachezaji wa mikoa mingine wakatoka madarasani. Walipoelezwa kwamba wanaruhusiwa kukimbia walifurahi mno. Walikuja kwetu majembe yalipopaa, wakapiga kelele, wakakimbia kwa Wagogo, wakarudi. Vumbi likawa jingi. Luhende alikuwa analowa jasho na anacheka. Wakarudi kwetu tena karibu wote, nikajua tumewashika.

Sasa Wagogo wale wanabana ngoma katikati ya mapaja, wamesimama, na wanapiga kwa viganja huku magoti yanatembea. Mama Nyemo akabadilisha kitu. Sijui kukieleza. Mkono wa kulia ulikuwa unasema neno moja na wa kushoto unalijibu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayefikiri kabla ya kukubali. Nilisikia mdundo huo kifuani. Niliendelea kuitikia wimbo wetu, nakumbuka niliendelea, na nilipotazama miguu yangu ilikuwa imesimama mbele ya Mama Nyemo.

Nilikuwa nimehama. Mimi, dada yake, mpishi wa kikundi, mwenye shamba. Nikageuka nimwone Luhende, na yeye alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja juu ya vichwa vya watu.

"Dada! Na wewe?"

Kwetu mtu aliyehama hajitetei.

"Na mimi," nikasema.

Alilishusha jembe. Mzee Nkwabi akaacha kupiga. Nikasema moyoni, basi, leo nimeua kikundi kwa miguu yangu hii mibovu. Luhende akaanza kutembea, jembe mkononi, watu wakampisha. Akavuka ua wote. Katika maisha yake yote ya ngoma sijawahi kumwona amesimama upande wa watazamaji. Manju hasimami huko. Akaja akasimama kando yangu, karibu kabisa, bega kwa bega. Akatazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Ule wa kushoto," akasema. "Unafanya nini ule wa kushoto?"

"Sijui."

"Sogea, dada. Umenikinga."

Nikasogea. Mama Nyemo alimwona, akapiga kwa taratibu zaidi ili aone vizuri.

Kurudi

Reli ilikuwa imekauka na treni haikusimama sana. Wagogo walikuwa behewa letu. Mpaka Dodoma Luhende alikaa mbele ya Mama Nyemo akipiga kwenye begi la karani, aliyekuwa anakwenda kwao likizo, na Mama Nyemo akimpiga kofi mkono wa kushoto kila anapokosea. "Polepole, mtani! Umeitwa kula?" Waliposhuka Luhende alimpa jembe moja la kuchezea. Mama Nyemo akauliza alifanyie nini, Dodoma hakuna mvua. Akamwambia alirushe.

Kuhusu kulaza jembe hakusema tena na mimi sikumwuliza. Wale vijana wawili wamekwenda Mwanza kweli, waliobaki wamebaki.

Tumechelewa kupanda. Leo wako shambani kwangu. Naandika haya nikiwa jikoni, maharage yako motoni, na nawasikia wako kwenye mpaka wa chini karibu na mto. Mzee Nkwabi bado anaukosea ule mkono wa kushoto na Luhende anamfokea, halafu wanaanza upya, na majembe yanaingia yote pamoja. Wamemaliza mstari. Sasa wanageuka, wanapandisha huku.